Mkono wa Kikowani

Walinizikia mkono Kikowani, nami ningali hai.
Famau ndiye aliyeubeba, umefungwa shuka nyeupe
kama mtoto aliyetoka kabla ya siku zake.
Shimo lilikuwa fupi. Hakuna aliyejua asome nini,
basi akasoma aliyoweza, akafukia,
akarudi Majengo, akanawa, akala wali.
Hayo kaniambia mwenyewe. Hakuficha kuwa alikula.

Adhabu ya kaburi aijua maiti, husemwa.
Mimi si maiti, na naijua.
Naijua saa tisa za usiku, feni ikizunguka bure,
vidole visivyokuwepo vimejikunja ngumi,
kucha zachimba kiganja kilichokwisha kuoza,
na hakuna wa kumwambia, "Nikunjulie."
Akunjue nini? Pana kigutu chini ya kiwiko,
kimeshonwa vizuri. Daktari alijisifia ule mshono.

Tembe nilimeza: nyeupe, za manjano, za rangi mbili.
Zilinilaza mimi, mkono ukabaki macho.
Niliumikwa mgongoni. Nilikunywa kombe la zafarani.
Mtu mmoja wa Likoni akaniuliza
nilimdhulumu nani kwa mkono ule.
Nikamwambia: nimefunga makontena Kilindini miaka kumi na minne.
Kama chuma kina kinyongo, kamuulize chuma.

Halafu Tudor, ghorofa ya pili,
chumba kinanuka rangi mpya, na binti aitwaye Mbeyu.
"Toka sifuri hadi kumi, waumwa ngapi?"
"Kumi ya nani?"
Akaweka kalamu chini. "Haya, tuache hesabu."
Akatoa sanduku la mbao, ubavuni lina kioo.

Nilitaka kuondoka. Miaka mitatu ya moto,
na waniletea kitu cha kunyolea ndevu?

"Maumivu hayako Kikowani," akasema.
"Kichwani mwako mna ramani ya mwili,
na ramani haijapata habari ya msiba.
Kila usiku yautumia mkono salamu: funguka.
Hakuna anayeitika, basi yazidi kupiga kelele.
Leo tutaiitikia."

Nikatia kigutu nyuma ya kioo,
mkono wa kulia nikauweka mbele.
Nikainama nikatazama.
Wa kushoto ulikuwa umerudi,
umetulia mezani
kama mtu aliyekwenda dukani mara moja.

"Kunja yote miwili."
Nikakunja.
"Sasa kunjua. Polepole. Yote miwili."

Kidole cha mwisho kilianza.
Kisha wa pili wake. Kisha nikasikia kucha zatoka nyamani
moja moja, na upepo,
wallahi upepo, ukapita kiganjani.
Mbeyu akageukia dirisha, akahesabu magari.
Hiyo ilikuwa adabu yake. Mimi sikuwa na mkono wa kujifutia.
Wote miwili ilikuwa kazini.

Sikupona, nisiwadanganye.
Kuna siku kioo ni kioo tu.
Na umeme ukikatika,
mkono hurudi kaburini kwake, ukajikunja.

Lakini asubuhi Shuwena hubandua kioo cha kabati,
kile cha arusi, chenye ufa wa pembeni,
akakisimamisha kati ya mikono yangu,
akakishika kwa magoti, unga ungali vidoleni.
"Kunjua basi, mwanamume we, n'na chapati motoni."
Mkono mmoja haulei mwana, tunajua.
Mmoja na taswira yake, na mke mwenye haraka, je?

Jana nikaona jambo.
Gumba langu la kulia lina kovu la pasi ya makaa,
la utotoni. Kiooni liko kushoto.
Na mkono wangu wa kushoto haukuwahi kuungua.
Basi huyu si yule aliyemzika Famau.
Ni mwengine, kaja na kovu la kuazima,
kakaa mahali pa marehemu, wala hajajitambulisha.

Nikamtazama.
Chapati ikaanza kuungua.
"Karibu," nikamwambia. "Kunjuka."